Naomba ushauri: napimaje kama watoto wa shule huku Korea wanaona maisha yao yana maana?

Binti_Kilwa

Habari za saa hizi wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nipo Daejeon, Korea Kusini, nasoma masters ya saikolojia ya elimu kwa skolashipu ya serikali yao, sasa nimefika kwenye utafiti na nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Mada yangu ni watoto wa shule, kuanzia darasa la tano na la sita mpaka wale wa sekondari ya chini. Nataka kujua kama wanaona maisha yao yana maana au wanaamka tu kwa sababu kumekucha. Kilichonivuta ni maisha yenyewe ninayoyaona huku. Mtoto anatoka shule mchana anaingia hagwon, yale masomo ya ziada ya kulipia, na wengine wanapitiliza moja hadi nyingine mpaka usiku, Seoul ilibidi iwekwe sheria zifungwe saa nne usiku. Yote hiyo ni kwa ajili ya mtihani mmoja wa mwezi wa 11 wa kuingia chuo, suneung, siku hiyo nchi nzima inajipanga upya, maofisi yanachelewa kufungua ili njia ziwe wazi, na wakati wa kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala hazitui kwa kama dakika 35. Mtoto wa primary anaambiwa habari za siku hiyo kila leo. Halafu kuna jambo zito zaidi, kwa miaka mingi sasa kujiua ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya vijana nchi hii. Kwa hiyo kwangu hili silichukulii kama karatasi ya kupata digrii tu.

Shida yangu ni kipimo. Supavaiza anataka nitumie kitu kinachojulikana, kanipa dodoso la MLQ, la kupima maana ya maisha, lile la Michael Steger na wenzake la 2006, maswali 10, unajibu kuanzia 1 mpaka 7. Maswali matano yanauliza kama tayari unayo maana, matano kama bado unaitafuta. La Kikorea lipo ila lilijaribiwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, mimi nalipeleka kwa mtoto wa miaka 11. Nimejaribu kusoma maswali yale kwa macho ya mtoto naona mengi yanasema jambo lile lile kwa maneno tofauti kidogo, atachoka au ataweka 4 kote amalize. Nitumie hilo hilo, nitunge langu, au nichanganye? Na mtoto akijibu kwamba maisha yake hayana lengo, mimi kama mtafiti nafanya nini?

Kijana_wa_Ilala

Dada pole na majukumu. Mi naona hii kitu haipimiki kwa namba, mtoto wa darasa la tano anajua nini kuhusu maana ya maisha? Kaa nao uongee nao, andika walichosema, basi.

Mzee_wa_Data

Binti_Kilwa marahaba mwanangu. Kijana hapo juu ana hoja nusu, kuongea nao ni lazima ila hakutoshi, manake wizara au shule ikitaka kujua kama programu fulani imewasaidia watoto mia nne huwezi kuwaletea maongezi ya watoto kumi ukasema ndiyo jibu.

Usitunge lako kutoka sifuri, kutengeneza kipimo ni kazi ya miaka na masters haina hiyo miaka. Chukua MLQ ila kwanza lirekebishwe limfae mtoto. Nikueleze sehemu zinazouma.

Kuna swali la tisa, lile lililogeuzwa, linalosema maisha yangu hayana lengo linaloeleweka, kwa hiyo anayekataa ndiye anayepata alama nyingi. Kwa mtu mzima halina tatizo. Kwa mtoto ni mtego, mtafiti Herbert Marsh alionyesha tangu 1986 kwamba watoto wadogo, hasa wenye uwezo mdogo wa kusoma, maswali ya kukanusha yanawachanganya na majibu yao yanatoka kinyume na wanachomaanisha. Na kwenye nchi yenye lile tatizo ulilolisema, mtoto aliyechanganyikiwa na sentensi utamhesabu kama mtoto aliyekata tamaa, au kinyume chake, yule aliyekata tamaa kweli umpite. Liangalie peke yake kwanza kabla hujalijumlisha na mengine.

Halafu usijumlishe maswali yote 10 kuwa alama moja, nimeona wanafunzi wengi wanafanya hivyo. Ni vipimo viwili, kila kimoja alama 5 mpaka 35. Kuwa na maana ni kitu kimoja na kuitafuta ni kingine. Ukisikia mtu anasema fulani anatafuta maana unadhani amepungukiwa, na Marekani data zinaelekea huko kweli, wanaotafuta sana ndio wenye nayo kidogo. Lakini Steger na wenzake wa Japani walilinganisha nchi hizo mbili wakachapisha 2008, na kwa Wajapani ilikuwa tofauti, kutafuta na kuwa nayo vinakwenda pamoja. Korea sio Japani, sikuambii ukopi jibu, nakuambia usiende na jibu la Marekani mfukoni. Mtoto wa Daejeon aliyeandika anatafuta sana anaweza kuwa ndiye aliye salama kuliko wote darasani.

Hilo la kuweka 4 kote nalo lipo. Kuna utafiti wa 1995 wa Chuansheng Chen na wenzake ulionyesha wanafunzi wa Japani na Taiwan wanachagua katikati zaidi kuliko wa Marekani na Kanada. Kwa hiyo ukija kulinganisha wastani wa Korea na wa nchi nyingine ukasema hawa wana maana kidogo, unaweza kuwa unapima tabia ya kujibu tu. Linganisha ndani ya Korea, darasa kwa darasa, na kabla ya kulinganisha hakikisha maswali yanabeba kitu kile kile kwa wa darasa la tano na wa sekondari, usiishie kwenye alfa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha maswali yanaendana kiasi gani, alfa inaweza kuwa nzuri tu kwa sababu maswali yanajirudia.

Mwl_Rehema

Mimi ni mwalimu wa primary Morogoro, saikolojia ya chuo kikuu sikuisomea ila watoto wa darasa la tano nawajua. Kijana_wa_Ilala hapana, wanajua sana. Waulize swali kubwa watakutazama tu, waulize vitu vilivyopo mikononi mwao utashangaa. Siku ukikosa shule nani atakuuliza ulikuwa wapi? Kuna kitu unakifanya mpaka unasahau muda? Kuna mtu anakutegemea nyumbani, mdogo wako, bibi, hata mbwa? Kitu gani unakingojea kwa hamu wiki hii? Mtoto anayejibu hayo kwa haraka ana kitu kinachomshika, na yule anayekaa kimya kwenye yote manne mimi ningemfuatilia kabla ya kengele ya kutoka.

Na ngazi saba ni nyingi kwa umri huo, tofauti ya 5 na 6 hawaioni. Weka nne au tano, kila moja iwe na neno lake. Na umsomee kwa sauti darasa zima waende pamoja, usiwaachie karatasi, wale wanaosoma polepole wataona aibu watajaza ovyo wamalize na wenzao.

Mzee_wa_Data

Mwalimu asante sana, hayo maswali yako yana jina kwenye taaluma. Viktor Frankl, yule daktari wa Vienna aliyepona kwenye kambi za Wanazi, alisema maana inaingia kwa njia tatu, kwa unachokifanya, kwa unachokipokea ikiwemo upendo wa watu, na kwa msimamo wako mbele ya shida usiyoweza kuiondoa. Dodoso la kwanza kubwa la kupima mawazo yake, la Crumbaugh na Maholick la 1964, lilikuwa la watu wazima. Ila Waisraeli wawili, Shoshani na Russo-Netzer, 2017 wametoa la watoto wa primary linaloitwa MIL-CQ limejengwa juu ya njia hizo hizo tatu. Binti_Kilwa hilo litafute kwa darasa la tano na la sita, MLQ ubaki nalo kwa wakubwa. Ukipeleka yote mawili kwa kundi la katikati, la sita na mwaka wa kwanza sekondari, utaona kama yanakubaliana.

Nipo_Seoul

Dada karibu Korea, mi nipo huku kitambo kidogo nafanya kazi na watoto. Niongezee ya mtaani.

Muda ndio kila kitu. Mwaka wa shule unaanza mwezi wa 3. Ukipeleka dodoso wiki ya mitihani ya sekondari utapima uchovu na usingizi. Kuna kitu kinaitwa muhula huru, kilianza kwa majaribio 2013 na tangu 2016 kipo nchi nzima, sekondari ya chini wanapata muhula bila ile mitihani ya karatasi, wanafanya mada wanazochagua na kutembelea kazi mbalimbali, lengo lake ni mtoto atafute ndoto yake. Sasa we fikiria, serikali imetenga muhula mzima wa kutafuta halafu wewe unakuja na kipimo chenye sehemu ya kutafuta, hapo ndipo utafiti wako ulipo kabisa. Pima wakiwa ndani ya muhula huo na pima wakishatoka warudi kwenye mitihani.

Kuhusu mtoto atakayejibu vibaya, usiingie darasani kabla hujalipanga hili. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo, saini ya mzazi, na ridhaa ya mtoto mwenyewe, anaweza kukataa hata kama mzazi amekubali. Shule nyingi zina chumba cha ushauri kinaitwa Wee Class, ongea na mshauri wa pale mapema mkubaliane nani anafuatilia na kwa muda gani. Namba ya vijana ya msaada ni 1388, iandike chini ya dodoso kwa kila mtoto, sio kwa wale unaowahofia tu, ili asijulikane nani kapewa.

Binti_Kilwa

Jamani nimesoma yote mara mbili mbili, Mungu awabariki. Kijana_wa_Ilala nimekusikia pia, nitaanza na maongezi, nitakaa na watoto wachache mmoja mmoja anisomee swali aniambie kwa maneno yake ameelewa nini, wakishindwa wawili watatu kwenye swali lile lile linabadilishwa. Maswali ya Mwl Rehema naomba ruhusa niyatumie hapo.

Na wa miaka 15 nimekumbuka PISA ya 2018, ule upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, iliwauliza maswali matatu ya maana ya maisha na Korea ilishiriki, kwa hiyo kwa umri huo nina pa kuegemea, pengo ni hawa wadogo.

Ila nimebaki na moja. Kama dodoso halina jina siwezi kumfuatilia mtoto, na nikiweka jina hawatasema ukweli, hasa wakidhani mama ataona. Huku mama anaona kila alama.

Nipo_Seoul

Tumia namba badala ya jina. Mtoto anapewa namba, orodha ya namba na majina anakaa nayo mshauri wa Wee Class peke yake, sio mwalimu wa darasa na sio wewe. Wewe ukiona namba inayotisha unampa mshauri namba hiyo siku hiyo hiyo. Mzazi kwenye fomu ya ridhaa aambiwe wazi kwamba majibu ya mtoto hatapewa isipokuwa kuna hatari, na mtoto asomewe sentensi hiyo hiyo kwa sauti kabla hajashika kalamu. Usimwahidi siri kamili, mwambie ni lini itavunjwa na nani atakuja kuongea naye.

Mwl_Rehema

Yatumie mwanangu, ruhusa unayo. Ukimaliza na wale wa kwanza rudi utuambie lipi wamelishindwa, nataka kuwauliza na wa kwangu huku.