Meseji ya kliniki inamfikia nani? Tujadili simu na afya ya vijijini

Mtoa mada

Salaam, ndugu zangu. Hoja yangu ni kwamba fedha za afya ya vijijini zisiende kwenye miradi ya simu pale ambapo zahanati yenyewe haina mkunga wa zamu ya usiku. Najua wengi mtanipinga, na ndiyo maana nimeileta hapa.

Tuchukue Unguja. Kati ya 2009 na 2010 palifanyika utafiti katika vituo 24 vya afya, wakishiriki wajawazito zaidi ya 2,500. Nusu ya vituo vilipangiwa simu: mama anatumiwa meseji za kumkumbusha kliniki kulingana na umri wa mimba, na anapewa vocha aweze kumpigia mkunga. Upande huo waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu walikuwa 60 katika kila 100. Upande wa pili walikuwa 47. Ukiishia hapo utashangilia. Lakini walipotenganishwa wa mjini na wa shamba, ikaonekana ongezeko la maana ni la mjini. Wanawake wa shamba halikuwafikia.

Na wa shamba ndio tunaosema tunawafuata! Mwenye kujifungua saa nane za usiku, maili kadhaa kutoka barabarani, hakusahau tarehe. Anachokosa ni gari, nauli na mtu wa kumpokea. Meseji haimbebi.

Muuguzi, Lindi

Mtoa mada, nakuheshimu, ila umeitazama simu ya mgonjwa tu. Itazame na ya mhudumu. Mwaka 2009 wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, zilijaribu mpango wa kuripoti dawa za malaria kwa meseji. Vituo 129, wiki 21. Kila wiki mhudumu anaulizwa amebakiwa na kiasi gani cha dawa mseto na kwinini ya sindano, anajibu kwa simu yake mwenyewe, kitochi tu, na akijibu kwa wakati anawekewa salio. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja. Mwishoni vilibaki 26. Hapa Lindi Vijijini, kufika wiki ya nane upungufu ulikuwa umekwisha.

Wilaya ikishajua nani ameishiwa na nani ana ziada, maboksi yanahamishwa. Bila taarifa hiyo mtoto anarudishwa nyumbani na homa yake huku dawa imelala kituo cha jirani. Usiniambie fedha hizo zilipotea.

Mama wa Makunduchi

Mimi ni wa shamba huko mnakokusema, basi nisikilizwe. Simu nyumbani kwetu ilikuwa moja, ya bwana, na bwana alikuwa akishinda pwani. Meseji ikija asubuhi naambiwa usiku, kama atakumbuka. Jambo jingine hamjaligusa: siri. Mwanamke akipimwa, majibu yakaja kwenye simu inayoshikwa na mume, mashemeji na watoto wa skuli, mmemtia matatani. Wanaotunga meseji hizo wawaulize kwanza wanawake simu inalala kwa nani.

Mhudumu wa afya ya jamii, Kajiado

Mama, hilo la siri lilipata jibu zuri huku Kenya. Kulikuwa na utafiti wa wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU, Nairobi na hapa Kajiado, matokeo yakatoka 2010. Kila wiki waliopangiwa simu walitumiwa neno moja: “Mambo?” Basi. Hakuna ugonjwa uliotajwa, hakuna dawa. Mtu anajibu “Sawa” au “Shida”, na akisema shida, au akinyamaza siku mbili, muuguzi anampigia. Waliosema wanameza karibu dozi zote walikuwa 62 katika 100, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa meseji. Hata vipimo vya damu vilionyesha virusi vimedhibitiwa kwa wengi zaidi.

Nimetembelea maboma miaka mingi, na kitu kinachowachosha watu ni kuhutubiwa. Ukimuuliza mtu hali yake na ukangoja jibu, atakuambia hata lile alilomficha daktari.

Mtoa mada

Nimesoma wote, na Mama wa Makunduchi amenigusa zaidi. Muuguzi, nakubali: nilichanganya mambo mawili. Nirekebishe hoja yangu. Ninachokipinga ni simu inayotuma maneno halafu mambo yakaishia hapo. Kwenu baada ya meseji boksi lilihama. Kajiado muuguzi alipiga.

Kwa mzazi wa usiku, mfano ninaoukubali ni m-mama, mpango wa Tanzania wa kumsafirisha mjamzito kwa dharura, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bure, anaulizwa dalili, na kama gari la wagonjwa liko mbali anatumwa dereva wa karibu aliyekwishasajiliwa, ambaye malipo yake yanaingia kwenye simu. Hapo hata simu ya jirani inatosha. Mama hahitaji kuwa na yake, wala kujua kusoma.

Lakini bado narudi kwa mkunga. Dereva akimfikisha mama akakuta mlango umefungwa, tumemhamisha tu mahali pa kuteseka. Kwa hiyo nasisitiza: wilaya iajiri wa zamu ya usiku kwanza, hata kama mradi wa simu utangoja mwaka.

Muuguzi wa Lindi, nijibu hili, maana wewe ulikuwa ndani: mtu anayeandika ripoti ya dawa, anahudumia foleni na kuzalisha peke yake, lile salio likikoma, ataendelea kujibu kila wiki?