Kurekodi usiku: A7 III iliyotumika au lenzi ya f/1.4?

Kisura_Video: Wakuu, nina Sony A6400 na video zangu za usiku zina chenga tupu. Nichukue bodi (kamera bila lenzi) ya Sony A7 III iliyotumika, au nibaki na hii ninunue lenzi ya Sigma 16mm f/1.4? Nalipia Jumamosi.

LenziKwanza: Sasa hivi unatumia lenzi gani? Unarekodi nini, kwa fremu ngapi kwa sekunde? Taa ipo? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kisura_Video: Ile 16-50 iliyokuja na kamera. Harusi za ufukweni Bagamoyo, fremu 30. Taa ni za ukumbini.

LenziKwanza: Basi nunua lenzi. Hiyo 16-50 ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Kwenye f/1.4 mwanga unaingia mara 16. Sensa kubwa ya A7 III (kipande kinachopokea mwanga) inakuongezea stopu moja na kidogo, yaani mwanga maradufu na ziada.

BabaGimbo: Napinga. A6400 haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi, na Sigma hiyo nayo haina. Ukishika mkononi picha inatikisika. Halafu 16mm ni pana mno, uso wa bibi harusi utaufuata mpaka jukwaani? Na siku ukihamia A7 III, lenzi hiyo haijazi sensa yake kubwa.

LenziKwanza: Achukue 30mm f/1.4 na monopodi (stendi ya mguu mmoja), basi.

Hezi50: Mnabishana lenzi, tatizo la kwanza ni hiyo fremu 30. Kuna harusi ya Kigamboni ilirekodiwa fremu 30, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/60 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mistari ya giza ikawa inapita ukutani mwanzo hadi mwisho. Kwenye kioo kidogo cha kamera haikuonekana. Mhariri alipojaribu kuiondoa kwa programu, wanaocheza wakaacha vivuli nyuma yao. Weka PAL (mpangilio wa video wa nchi za 50Hz), fremu 25, shata 1/50, iendane na hiyo taa. Faida nyingine: A6400 ikirekodi 4K kwa fremu 30 hukata pembeni, kwa 25 haikati.

Kisura_Video: Na S-Log3 je, ile rangi iliyofifia ya kurekebisha baadaye?

LenziKwanza: Kwa kamera ya biti 8 (yenye ngazi chache za rangi), usiku iache. Ukirekodi giza ukaja kuinua mwanga kwenye kompyuta, unainua chenga. ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 3200 yenye mwanga wa kutosha ni safi kuliko ISO 800 iliyoinuliwa.

BabaGimbo: Mimi bado nasema A7 III. Ila ongeza taa ya LED yenye betri ya NP-F970, uiweke pembeni, si juu ya kamera.

Kisura_Video: Ukumbi wenyewe unatumia jenereta. 1/50 itatosha?

Hezi50: Jenereta ndogo isiyo na inverta (kifaa cha kutuliza umeme) huyumba mzigo ukibadilika, hiyo 50Hz haikai. Rekodi sekunde kumi kabla wageni hawajaingia, uzikague kwenye laptopu. Jenereta ni ya aina gani?