Mrejesho: Nimesomea umeme na elektroniki, je, kwenye roboti kuna ajira?

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka jana niliwauliza kama mhitimu wa umeme na elektroniki anaweza kula kupitia roboti hapa Bongo, au nirudi kufunga nyaya majumbani. Wengi mlinicheka. Mmoja akasema, "Soma PLC kwanza," yaani ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine za kiwandani. Nikamsikiliza huyo.

Sasa nina mkataba kwenye kiwanda cha vinywaji Dar. Roboti ipo moja tu, mkono wa kupanga kreti kwenye paleti. Kuunda roboti? Wapi! Kazi yangu ni kuhakikisha hausimami.

Mwezi wa pili asubuhi ukagoma, haujui viungo vyake viko wapi. Watu wote macho kwenye programu. Nikafungua kifuniko kwenye kitako: betri za enkoda, vile vihisi vinavyosoma mota imezunguka hadi wapi, zimekufa. Hivyo vibetri ndivyo vinavyotunza mkao wa kila mota umeme ukizimwa. Tukaweka mpya, kisha tukarudisha kiungo kimoja kimoja kwenye alama yake ya sifuri, mtu kainama anachungulia mstari. Saa tatu zikaenda. Siku hizi nazibadilisha mapema, umeme ukiwa umewashwa, vinginevyo unaanza upya.

Wadogo zangu, ajira zipo, ila tangazo haliandiki "roboti". Linaandika automesheni (mitambo inayojiendesha), instrumentesheni (vifaa vya kupimia na kudhibiti), au fundi wa matengenezo. Mshahara wa kawaida tu, na zamu za usiku zinaumiza.

Mkuu wa PLC, soda yako ipo. Kreti nzima ukitaka.