Stata inaguna bila kuzungusha injini, ilhali betri ni mpya na kiki inawasha

Swali

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina pikipiki ya zamani ya volti 12, yenye stata ya umeme pamoja na kiki. Nikibonyeza kitufe cha stata, nasikia mlio mmoja mzito wa rilei (swichi inayopeleka umeme mwingi kwenye stata), kisha mota ya stata inaguna bila kuzungusha injini. Taa ya mbele hufifia kidogo tu na honi inalia kwa nguvu. Nikipiga kiki, injini inawaka papo hapo. Betri ni mpya, na ikipimwa asubuhi inaonyesha volti 12.7. Fundi mmoja ananishauri ninunue mota, mwingine anasema ni rilei, na vipuri vyote viwili ni adimu kwa pikipiki ya umri huu. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu, kwa kuwa kiki inaiwasha papo hapo, plagi, koili na mafuta tuviweke kando. Swichi za klachi, nyutro na stendi nazo hazina kosa, kwa sababu kazi yake ni kuizuia rilei isinase, na yako inanasa. Kinachobaki ni njia ya mkondo mkubwa: betri, kebo nene, rilei, mota, na njia ya kurudi kupitia injini na fremu hadi nguzo hasi ya betri.

Volti 12.7 zinaonyesha tu kwamba betri imejaa. Hazionyeshi kinachotokea stata inapoanza kuvuta umeme. Kwa hiyo pima huku kitufe kimebonyezwa, gia ikiwa nyutro, kwa sekunde chache tu kila mara. Kwanza pima betri yenyewe: ikishuka chini ya volti 10 hivi, ni dhaifu hata kama ni mpya. Kisha weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo chanya na nyingine kwenye skrubu ya kebo pale motani. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani, na zikizidi 0.5 kuna kasoro. Mwisho pima kutoka nguzo hasi hadi chuma kitupu cha injini, ambapo hata 0.3 tayari ni nyingi. Gusa nguzo yenyewe, si kichwa cha kebo, kwa sababu kutu hupenda kujificha hapo katikati.

Jibu la pili

Naafiki vipimo hivyo, ila nisingeiondolea mota lawama mapema. Kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zilizolika au zilizokwama huleta dalili inayofanana na hii, na mara nyingine ukiigonga mota taratibu huku kitufe kimebonyezwa, inazunguka. Honi kulia kwa nguvu hakuthibitishi chochote, kwani honi hutumia ampea chache tu wakati stata inaweza kudai zaidi ya 100. Tafadhali usiunganishe nguzo za rilei kwa bisibisi kama wengi wafanyavyo: betri hutoa haidrojeni, na cheche karibu nayo ni hatari isiyo na sababu.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, betri inasoma 11.8, upande wa chanya unapoteza 0.4, na upande wa hasi unapoteza 4.1. Kuigonga mota hakukubadilisha kitu. Jambo lililonishangaza ni kwamba kebo ya klachi ilikuwa ya moto nilipoigusa baadaye.

Jibu la kwanza

Basi mota yako haina hatia bado. Toa 4.1 na 0.4 kutoka 11.8, utaona inapata volti 7.3 tu, na hakuna stata itakayozungusha injini kwa hizo. Betri nayo haikushuka sana kwa sababu mkondo umebanwa njiani. Kebo ya klachi ndiyo shahidi mkuu: umeme ukikosa njia nzuri ya kurudi, hupita kwenye chuma chochote kinachounganisha injini na fremu. Pima sasa kipande kwa kipande, kutoka nguzo hasi hadi fremu, kisha kutoka fremu hadi injini. Je, fremu imewahi kupakwa rangi upya?

Mwuliza swali

Imepakwa, na mwenye pikipiki aliyenitangulia. Karibu volti zote zilikuwa zikipotea kati ya fremu na injini. Bolti za kushikilia injini zimekaa juu ya rangi, na utepe wa waya uliosukwa unaoiunganisha injini na fremu umekatika, umebakiza nyuzi chache. Nimekwangua rangi hadi chuma king'ae na kufunga kebo mpya nene. Upande wa hasi sasa unasoma 0.2, na stata inazungusha vizuri.

Jibu la pili

Vizuri sana. Grisi ipake baada ya kukaza bolti, ili izuie unyevu bila kukaa kati ya chuma na chuma. Rudia pia kipimo cha upande wa chanya, maana ile 0.4 ilipatikana mkondo ukiwa umebanwa, na sasa mota inapovuta umeme wote inaweza kupanda. Ikizidi 0.5, pima kwenye nguzo mbili nene za rilei huku kitufe kimebonyezwa: sehemu kubwa ya volti ikipotelea hapo, kontakti zake zimeungua, isipopotelea hapo, kagua vichwa vya kebo. Utakapofungua chochote, ondoa kebo hasi ya betri kwanza na uirudishe mwisho.