Mabilionea wa tanzanite na wanaapolo wao: mgao ukatwe wapi?

Mleta mada (Sakina, Arusha)

Wakuu, hoja hii imetushinda hapa kijiweni. Mmoja kasema matajiri wa tanzanite ndio wameijenga Arusha, tuwaache wale jasho lao. Mwenzake akamuuliza: jasho la nani?

Kila mtu anaanzia kwa Saniniu Laizer, nami nianzie hapo. Juni 2020 mfugaji huyu wa Simanjiro, wakati huo ana miaka 52, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Rais Magufuli akampigia simu hadharani kumpongeza. Agosti akaja na la tatu, kilo 6.3, bilioni 4.8. Akasema atajenga shule kwao, na ng'ombe wake 2,000 ataendelea kuwachunga. Sina neno naye. Aliuza mchana kweupe, wakati kabla ya ukuta wa 2018 kuizunguka migodi ya Mirerani mawe mangapi yalitoroshwa kwa njia za panya!

Ninachohoji ni utaratibu wa Mirerani kwa jumla. Mwanaapolo, yaani mchimbaji anayezama shimoni kwa ajili ya mwenye mgodi, kwa kawaida hana mshahara. Anakula ugali na maharage ya bosi, anazama na tochi kichwani, hewa anaipata kwa mpira kutoka kwenye kompresa ya juu, anatoka anang'aa kinywe, lile vumbi jeusi la mgodini, mpaka kwenye kope. Malipo ni siku ya uzalishaji, yaani mawe yakipatikana, kwa asilimia iliyopatanwa kwa mdomo. Binamu yangu alizama hivyo kwa bosi mmoja hadi wakatoa mzigo. Bosi akaenda kuuza peke yake, akarudi na bei aliyoijua yeye. Utabishaje?

Siku hizi jiwe linapimwa na kuthaminiwa sokoni. Serikali inakata mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1 palepale, kwa karatasi. Basi na fungu la waliozama likatwe palepale. Tuseme ni asilimia 10: kwenye bilioni 7.74 ni milioni 774. Wakiwa watu 200, kila mmoja anaondoka na milioni 3.87. Si ubilionea, ila nyumba inaezekwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kununua baruti. Mimi nina mgodi Kitalu D. Dizeli yangu, kompresa yangu, chakula changu, dawa mtu akiugua, na uzalishaji hauonekani mwaka hadi mwaka. Nimeuza kiwanja Njiro nikakizamisha shimoni. Nikikosa, apolo anahamia mgodi wa jirani. Mimi nahamia wapi? Halafu mbona hamwasemi wanaotoka na mawe mdomoni? Leteni mikataba yenu, wadogo tutafunga, abaki mwenye mtaji mkubwa peke yake.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilikuwa dalali hapa mjini hadi 2021, biashara ilipoamriwa ifanyike Mirerani tu. Zamani apolo akidanganywa bei, ndugu yake alipita kwetu akauliza meza tatu nne, akajua ukweli. Sasa atauliza wapi? Nakubali karatasi. Ila shida nyingine hamjaigusa: orodha ya waliozama anaandika nani? Bosi akiandika wapwa zake kumi ambao hata shimo hawalijui, mgao umeliwa kabla ya soko.

Mleta mada

Dalali, hapo umenishika. Orodha iwe ya getini, maana pale ukutani kila anayeingia anakaguliwa.

Mkuu wa Kitalu D, mshahara sijaudai popote. Ulichozamisha ni kiwanja, pole sana, lakini Machi 2008 maji yalipojaa migodini walikufa watu zaidi ya 60, na wengi wao walikuwa hao wanaohamia kwa jirani. Wa mawe mdomoni nao wakamatwe. Ila swali langu hujaligusa: siku unauza, apolo wako mmoja akisimama pembeni kuisikia bei, wewe unapungukiwa nini?