Kuielewa mashine ya saa: ukurasa wa kuchezea, filamu au kuibomoa mwenyewe?

Mshale_wa_Sekunde: Wakuu, nimerithi Seiko 5 ya mzee, mashine yake 7S26. Inatembea, ila nataka nijue ndani kuna nini kabla sijashika bisibisi. Nimepata njia tatu: ukurasa wa mtandaoni wa Bartosz Ciechanowski wa 2022, filamu ya kampuni ya saa ya Hamilton ya 1949, au ninunue mashine ya bei poa nijifunzie. Nianze na ipi?

FundiMstaafu: Ciechanowski, bila kufikiria. Anaijenga saa kipande kwa kipande, na kila mchoro unauzungusha kwa kidole. Wanafunzi wangu wote walikwama hapa: nini kinaizuia springi kuu, ile inayoiendesha saa, isifunguke yote kwa mkupuo? Kuna kijiuma kinachoshika jino la gurudumu. Balansi, yaani gurudumu linaloyumba huku na huku, kila ikipita inakisukuma, jino moja linaachiwa, jingine linanaswa. Kwenye 7S26 hilo hutokea mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde. Jicho litaona nini? Kwenye ukurasa ule unaipunguza kasi mpaka uone.

Binti_Makorokoro: Simu yangu kuukuu ukurasa ule inaugandisha, labda uwe na kompyuta. Filamu ya Hamilton wametumia mifano mikubwa ya vipuri, mpaka mwanangu wa darasa la tano kaelewa. Kiingereza chake cha kizamani kidogo, lakini picha zinajieleza.

Kibano: Mnamzungusha tu mwenzenu. Kwenye skrini skrubu haiharibiki kichwa wala springi hairuki chini ya kabati (yangu sijaipata mpaka leo). Tafuta ST36, mashine ya saa iliyo nakala ya Kichina ya ile ya Uswisi, Unitas 6497. Ni pana, hujazwa kwa mkono, haina kalenda. Ila legeza springi kuu KABLA ya kugusa kijiuma.

FundiMstaafu: Hapo kwenye kulegeza nakuunga mkono. Lakini asome kwanza, la sivyo hatajua hata kijiuma ni kipi.

Mshale_wa_Sekunde: Nimeumaliza ukurasa jana usiku, ST36 nimeagiza. Ila sasa nina wasiwasi: nikivuta taji (kile kitufe cha pembeni) kurekebisha saa ya mzee, mshale wa sekunde hausimami. Imekufa kitu?

FundiMstaafu: Hapana, mkuu. 7S26 haina breki ya kuisimamisha balansi ukivuta taji, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Na usihangaike kuijaza kwa taji, haijazwi hivyo. Ivae utembee, inajijaza yenyewe mkono ukitikisika.