Kundi la Jumuiya: Mama Mgeni Aomba Mtoto Wake Abatizwe

Mama Neema: Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Naomba mniwie radhi kwa ujumbe mrefu. Sina muda mrefu tangu nihamie katika parokia hii, na kwa sababu ya kulea mtoto nimehudhuria sala za jumuiya mara chache tu, kwa hiyo wengi wenu hamnifahamu vizuri. Binti yangu Neema sasa ana miezi minne na natamani sana abatizwe, lakini kila nikitaka kwenda kwa paroko nasita, kwa kuwa sijafunga ndoa na baba yake, na hapa sina ndugu Mkatoliki wa kumsimamia. Dada yangu, ambaye ndiye ninayemwamini kuliko wote, ni Mlutheri. Je, niendelee kusubiri?

Mwenyekiti wa Jumuiya: Milele na milele, Amina. Karibu sana, Mama Neema. Umefanya vema kuuliza. Namwomba Katekista, mwalimu wetu wa dini, atusaidie.

Baba Benedikti: Nami namkaribisha mama yetu kwa moyo wote. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ingefaa kwanza suala la ndoa liwekwe sawa na ubatizo ufuate baadaye, kwa sababu mtoto anahitaji kukulia katika nyumba yenye msingi wa sakramenti, na sisi jumuiya tusije tukaonekana kwamba hatujali ndoa takatifu. Nasema haya kwa nia njema.

Bibi Agata: Baba Benedikti, nia yako naijua ni njema. Lakini mtoto ametenda kosa gani hata afungiwe mlango akisubiri mambo ya wakubwa?

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma ujumbe wa Mama Neema mara mbili, na ningependa kuujibu kwa utulivu.

Nianze na ndoa. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 868, unadai mambo mawili ili mtoto abatizwe kihalali: angalau mzazi mmoja akubali, na pawepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Ndoa ya wazazi haimo kati ya masharti hayo. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa na wazazi huelezwa sababu, na hata hapo kinachofanyika ni kuahirisha, si kumkataa mtoto. Sasa, mama anayetuandikia sisi sote waziwazi kwamba anatamani binti yake abatizwe, huyo tumaini lake tulitafute wapi tena? Kanuni ya 867, kwa upande wake, inawataka wazazi wahakikishe watoto wanabatizwa ndani ya majuma ya kwanza. Kumwambia asubiri harusi ambayo hatujui itakuwa lini ni kumsukuma aende kinyume cha kile ambacho Kanisa lenyewe linamwomba.

Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili mwezi Mei mwaka 2013 katika mahubiri yake ya asubuhi. Alimzungumzia mama asiye na ndoa aliyekwenda parokiani kuomba mtoto wake abatizwe akarudishwa, akasema kwamba Yesu aliweka sakramenti saba, na sisi kwa mwenendo wa namna hiyo tunaongeza ya nane. Maneno hayo huwa nayakumbuka kila mzazi anapobisha hodi ofisini akiwa na wasiwasi usoni.

Baba Benedikti: Nashukuru, Mwalimu. Sikujua kwamba sheria iko wazi kiasi hicho. Basi suala la ndoa tulizungumze na mama kwa wakati wake, bila kulifanya kizuizi.

Mama Neema: Asante sana, Mwalimu. Nina hofu nyingine. Je, kwa kuwa mimi ni mgeni, nitahesabiwa kuwa wa parokia hii? Sina kadi wala barua yoyote ya hapa.

Katekista: Mama, parokia si chama ambacho mtu huwa mwanachama kwa kadi. Kwa kawaida parokia ina mipaka ya eneo, na waamini wote wanaoishi ndani ya mipaka hiyo ni wake. Mtu aliyehamia kwa nia ya kukaa moja kwa moja ni wa hapa tangu siku hiyo, na hata mwenye nia ya kukaa miezi 3 tu hupata makazi ya muda yanayotambuliwa na sheria. Kadi na michango vina kazi yake katika utaratibu wetu, lakini havimfanyi mtu kuwa wa Kristo. Kwa kanuni ya 96, mtu anaunganishwa na Kanisa la Kristo na kupata haki na wajibu wa Mkristo kwa ubatizo. Wewe umeshabatizwa, kwa hiyo huji kuomba fadhila, unakuja kwenu.

Bibi Agata: Amina! Maneno hayo yasomwe na jumuiya nzima.

Dada Monika: Nami nimeguswa sana. Kwa kuwa tunataka Mama Neema ajisikie nyumbani, napendekeza tumwombe padri siku hiyo atamke, "Sisi, jumuiya ya waamini, tunakubatiza." Itaonyesha kwamba sote tunampokea mtoto.

Katekista: Dada Monika, upendo ulio nyuma ya pendekezo lako ni mkubwa, lakini naomba tusilipeleke kwa padri. Mwezi Agosti mwaka 2020 idara ya Vatikano inayoshughulikia mafundisho ya imani ilichapisha jibu lake juu ya maneno kama hayo, ikisema kwamba ubatizo wa "tunakubatiza" si halali, na kwamba waliobatizwa hivyo wabatizwe upya, kwa kuwa kwa hakika walikuwa hawajabatizwa. Mwaka huohuo padri mmoja wa Jimbo Kuu la Detroit nchini Marekani alitazama video ya ubatizo wake wa utotoni, akagundua kwamba shemasi alitumia maneno hayo. Ilimbidi abatizwe, apewe Kipaimara, kisha apewe daraja upya hadi upadre, na baadhi ya waamini aliokuwa amewahudumia nao wakaingia katika mahangaiko.

Sababu yake ni nzito na inafariji. Anayebatiza ni Kristo mwenyewe, na padri anaposema "Nakubatiza" anasema kwa niaba yake. Neema atakuwa wetu kwa sababu Kristo amemchukua, wala si kwa sababu sisi tumepiga kura kumkubali. Nafasi ya jumuiya ipo tangu mwanzo wa ibada. Pale mlangoni padri huuliza jina la mtoto, huwauliza wazazi wanaliomba nini Kanisa la Mungu, na baada ya kutamka kwamba jumuiya ya Kikristo inampokea mtoto kwa furaha, humwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha mama na msimamizi nao huiweka kwa kidole gumba. Tukitaka kumpokea mtoto kwa vitendo, tuwe kanisani saa hiyo, si kufika wakati wa kupiga picha.

Dada Monika: Nimeelewa, Mwalimu, na pendekezo nimeliondoa. Mimi nitakuwepo mlangoni.

Mwenyekiti wa Jumuiya: Limebaki suala la msimamizi.

Katekista: Msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke. Awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepokea Ekaristi na Kipaimara, anayeishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Dada yake Mama Neema, kwa kuwa amebatizwa, anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo pamoja na msimamizi Mkatoliki, na jina lake likaandikwa kitabuni. Asiachwe nje.

Bibi Agata: Mwanangu, kama utaniruhusu, mimi nipo. Nasikitika ninapoona wasimamizi wakichaguliwa kwa ukubwa wa zawadi, halafu mtoto anafika Komunyo ya Kwanza hajawahi kuwaona. Mimi nitamfundisha ishara ya msalaba, na mama yake akiwa kazini nitakwenda naye kanisani. Siku ya Kipaimara nikiwa bado hai, mtaniona kwenye benchi la mbele.

Mama Neema: Bibi, nakubali, na machozi yananitoka ninapoandika. Dada yangu nimempigia simu sasa hivi, naye amefurahi mno kusikia kwamba atasimama pamoja nawe. Mwalimu, je, jina la baba litaandikwaje kitabuni?

Katekista: Jina lako litaandikwa ukiliomba kwa hiari yako, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. La baba huandikwa ikiwa kuna hati ya serikali inayothibitisha, au akija mwenyewe kutamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Vinginevyo nafasi yake huachwa, na ubatizo hauna upungufu wowote.

Mama Neema: Basi nitakuja ofisini Jumamosi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nitazungumza na baba yake kabla ya siku hiyo. Akikubali, nitakuja naye.

Baba Benedikti: Akihitaji shahidi, mimi niko tayari kuja naye Jumamosi.